Hodi Isiyoitikiwa: Tovuti Inapoitilia Shaka Nyumba Yako

Mengi ya mambo ya nyumba zetu siku hizi hupitia kwenye kioo cha simu. Pasipoti huombewa huko, leseni hulipiwa huko, matokeo ya mitihani husomwa huko, na tiketi ya treni ya Mombasa kwenda Nairobi hukatwa huko. Ndiyo maana miongoni mwa maswali ninayoletewa na wazazi baada ya darsa, limezuka moja ambalo miaka ishirini nyuma lisingeulizwa barazani: "Sheikh, tovuti imekataa kunifungulia. Yasema kumeonekana nyendo za kutiliwa shaka kwenye anwani yangu. Mimi nimekosa nini?"

Swali hili lina uchungu kuliko linavyosikika. Mama ana hadi saa sita usiku kuwasilisha fomu ya msaada wa karo ya mwanawe. Anaifungua tovuti, na badala ya fomu analetewa picha tisa za barabarani na kuamrishwa ateue zenye pikipiki. Akimaliza, huletewa tisa nyingine. Mwisho huja ukurasa mweupe wenye maneno machache ya Kiingereza yasemayo kuwa amezuiwa. Hakuna jina la aliyemzuia wala nambari ya simu ya kumwuliza. Hapo moyo humwambia mambo mawili, na yote mawili yana hatari: ama ameshahesabiwa mwizi, ama hana budi kutafuta njia ya panya.

Makala haya yana neno moja la kumwambia mama huyo na wote walio mfano wake. Kuzuiwa mlangoni si hukumu, ni swali. Swali hilo lajibika, na aghalabu lajibika bila ya fundi. Lakini anayelijibu kwa njia ya panya huenda akaigeuza tuhuma ya uongo kuwa tuhuma ya kweli.

Anwani si mtu

Kila anayeingia kwenye intaneti hutambulishwa kwa nambari iitwayo anwani ya IP. Tovuti haiuoni uso wako, wala haijui jina lako mpaka uliandike mwenyewe. Inachokiona kwanza ni nambari ya mahali ulikotokea. Mtindo wa zamani wa nambari hizi, ambao bado watumika pakubwa, una nafasi ya anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, ilhali walimwengu wameshapita bilioni 8, na nyumba moja yaweza kuwa na simu nne, kompyuta na televisheni. Mafungu ya mwisho yaliyokuwa katika hazina kuu ya dunia yaligawiwa mashirika ya kanda mwezi wa Februari 2011. Upo mtindo mpya wenye anwani nyingi mno zisizokaribia kwisha, lakini safari ya kuhamia huko imekwenda kwa mwendo wa kobe.

Kwa uchache huo, kampuni za simu hufanya kama afanyavyo mwenye nyumba kubwa ya ghorofa katika Mji wa Kale: familia ni nyingi, mlango wa njiani ni mmoja. Mamia ya wateja huweza kutoka nje kwa anwani moja. Sasa mtazame mwenye duka aliye mkabala na nyumba hiyo. Kijana mmoja ametoka kwenye mlango ule, amechukua bidhaa asilipe, akarudi ndani. Mwenye duka hakumjua kijana, aliujua mlango. Kesho ukitoka wewe na pesa zako mkononi, atakutazama kwa jicho la shaka. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Fauka ya hayo, anwani nyingi ni za kupokezana. Uliyopewa leo asubuhi huenda jana ilikuwa mikononi mwa mwingine, nawe umerithi sifa yake bila ya kujua. Yako pia mashirika yanayokusanya orodha za anwani zenye sifa mbaya, mojawapo likiwa Spamhaus, na wenye tovuti na wenye mitambo ya barua pepe huzitazama orodha hizo kabla ya kumfungulia mgeni. Kwa hiyo unapoambiwa kuwa anwani yako ina shaka, usilisome neno hilo kama limetajwa jina lako. Limetajwa jina la mlango.

Kwa nini bawabu amewekwa

Tusimlaumu bawabu kabla ya kujua anachokilinda. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen, unaobeba maelfu ya huduma za serikali ya Kenya, ulishambuliwa. Waliohitaji pasipoti, viza na leseni walikwama, na malipo kwa simu na ukataji wa tiketi za treni navyo viliguswa. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kuwa mfumo ulishambuliwa, akasema hakuna data iliyopotea. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuwa ndilo lililohusika, na Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani, wakiwatuhumu kuliendesha kundi hilo.

Shambulio la namna hiyo halivunji kufuli. Hutuma maombi mengi mno kwa wakati mmoja, mfano wa watu elfu kumi wasio na haja kujazana mlangoni mwa zahanati hadi mgonjwa wa kweli asipate pa kupitia. Wako pia wanaotuma programu kujaribu nywila moja baada ya nyingine, usiku kucha, mpaka moja ikubali. Ndiyo sababu bawabu huhesabu. Huhesabu ni maombi mangapi yametoka kwenye anwani moja kwa dakika, ni nywila ngapi zimekosewa, na iwapo anayeingia ana mwendo wa binadamu au wa mashine.

Jaribio la kupambanua mtu na mashine liliendelezwa mwaka 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, akiwamo Luis von Ahn na mwalimu wake Manuel Blum. Likaitwa CAPTCHA. Mwanzo yalikuwa maandishi yaliyopindapinda ya kusomwa na kuandikwa upya, kisha zikaja picha, na siku hizi mara nyingi ni kisanduku kimoja cha kuteua tu, huku kivinjari chako kikichunguzwa kimyakimya. Ukiliona jaribio hilo, basi bawabu hajakukataa. Amekuuliza, "Nani?"

Kikulacho ki nguoni mwako

Walakini si kila tuhuma huletwa na jirani. Iko siku bawabu amesema kweli, na mwenye nyumba ndiye asiyejua kinachotoka mlangoni mwake.

Mwaka 2016 ulimwengu uliijua programu hasidi iliyoitwa Mirai. Ilivamia kamera za ulinzi na ruta za majumbani ambazo wenyewe waliziacha na nywila ya kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo walikuwa wamelala majumbani mwao, hawana habari.

Kisa cha pili kimo karibu zaidi na mazoea yetu. Wengi wakizuiwa na tovuti hukimbilia programu ya VPN ya bure ili watoke kwa anwani nyingine. VPN yenyewe si kitu kibaya, na yako makampuni na waandishi wanaoitumia kwa haki. Lakini Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa kihalifu ulioitwa 911 S5, ambao ulikuwa umekusanya zaidi ya anwani milioni 19 katika karibu nchi 200. Ulikusanya vipi? Kwa kugawa programu za VPN za bure. Aliyeiweka programu hiyo alidhani amepata mlango wa kutokea, kumbe amewafungulia wengine mlango wa kuingilia. Wahalifu walilipa ili watoke kwa anwani yake, na wizi walioufanya ukaonekana umetoka nyumbani kwake.

Kisa cha tatu kipo sebuleni. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya vifaa vya nyumbani vilivyoingizwa katika mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, hasa visanduku vya televisheni vya bei ya chini. Vingine hutoka kiwandani vikiwa tayari na ugonjwa ndani, na vingine huupata mwenyewe anapoweka programu zisizo rasmi. Mwezi uliofuata kampuni ya Google ilifungua kesi ikisema kuwa vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10. Wazee walisema kuwa rahisi huvunja upishi. Kisanduku kinachokuahidi mechi zote na sinema zote bila ya malipo, kitalipwa na nani?

Hatua za kufuata nyumbani

Ya kwanza ni kusoma ulichoandikiwa, na kama Kiingereza kinakupiga chenga, mpe kijana akusomee. Kupewa jaribio ni jambo moja. Jibu kwa utulivu, na ukikosea jibu tena. Kuambiwa umetuma maombi mengi ni jambo la pili. Dawa yake ni kungoja. Kuambiwa umezuiwa ni jambo la tatu, na hapo nakili nambari ya kumbukumbu iliyo chini ya ukurasa, tarehe na saa. Nambari hiyo ndiyo itakayokusemea baadaye.

Ya pili, usiufungue ukurasa tena na tena kwa hasira. Sisi tumefundishwa kubisha hodi mara tatu, tusipoitikiwa turejee. Adabu hiyo inafaa hapa kwa maana yake halisi, kwani kila ukibonyeza unaongeza hesabu ile ile iliyomtia bawabu shaka. Vizuizi vingi ni vya muda, vingine vya dakika chache, vingine vya siku moja.

Ya tatu, kitazame kifaa chenyewe. Zima VPN ikiwa ipo. Hakikisha saa na tarehe ya simu ni sahihi, maana saa iliyokosewa huvuruga ukaguzi. Sasisha kivinjari. Ruhusu vidakuzi vya tovuti hiyo, kwa sababu kidakuzi ndicho cheti anachokupa bawabu ili asikuulize upya kila hatua. Aliyezuia vidakuzi vyote hufanana na mgeni anayetupa cheti chake kila akipewa.

Ya nne, fanya jaribio la kulinganisha. Kama umezuiwa ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, izime na ujaribu kwa bando la simu. Ikifunguka, kasoro iko kwenye laini ya nyumbani. Ikiwa simu ya jirani yafungua kwenye waifai ile ile na yako haifungui, kasoro iko kwenye simu yako. Ikiwa hakuna laini wala kifaa kinachofungua, huenda tovuti yenyewe ndiyo iliyoelemewa. Jaribio hili la dakika tano laweza kukuokoa na siku nzima ya kubahatisha.

Ya tano, omba anwani mpya kwa njia ya halali. Zima ruta kwa dakika kadhaa kisha uiwashe, au iweke simu katika hali ya ndege kwa muda mfupi. Mara nyingi, ingawa si kila mara, kampuni itakupa anwani nyingine.

Ya sita, kama tuhuma zinarudi kila siku na kwenye tovuti mbalimbali, basi ikague nyumba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, badilisha nywila ya kiwandani, usasishe programu yake, ubadilishe na nywila ya waifai. Hesabu vilivyounganishwa, na kila usichokitambua kitoe. Simu zifutwe programu za bure ambazo hakuna ajuaye zinafanya nini, na kompyuta zipitiwe na kingavirusi. Kamera na kisanduku cha televisheni vikatwe kwenye waifai kwa siku mbili tatu. Shaka zikikoma, umeshamjua mwenye kosa. Kisanduku kilichotoka kiwandani na ugonjwa hakitibiki kwa kufutwa, bora kiondoke nyumbani.

Ya saba, andika. Mwandikie mwenye tovuti barua fupi yenye mambo manne: ulitaka kufanya nini, saa na tarehe, anwani yako ya IP kama ilivyoonekana kwenye ukurasa wa kuzuiwa, na nambari ya kumbukumbu. Kama laini ya nyumbani ndiyo yenye kasoro, iandikie pia kampuni inayokuuzia intaneti, kwa kuwa anwani ni mali yake nayo ndiyo yenye uwezo wa kukubadilishia. Na ukigundua kuwa vifaa vyako vilitumiwa na wahalifu, kipo kituo cha KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kinachopokea ripoti. Kutoa taarifa mapema kuna manufaa, kwani Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, na ni heri uwe wewe uliyeripoti kabla ya kuja kuulizwa.

Bawabu bandia

Hapa nawaomba wazazi wasome polepole, kisha wawasomee vijana wao. Kwa kuwa watu wameshazoea kuulizwa kama wao ni binadamu, matapeli wamejifanya mabawabu. Hutengeneza ukurasa unaofanana kabisa na jaribio la kweli, lenye kisanduku na maneno yale yale. Ukiteua, huambiwa kuwa uthibitisho haujakamilika: bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Mtu hutii akidhani ni sehemu ya jaribio. Kwa vitufe hivyo ameiamrisha kompyuta yake kwa mkono wake mwenyewe ilete programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa.

Kanuni ni nyepesi na yafaa ibandikwe karibu na kompyuta. Bawabu wa kweli huuliza ndani ya ukurasa tu: teua kisanduku, chagua picha, andika herufi, sikiliza sauti. Hakuamrishi kuingiza amri kwenye kompyuta, wala kupakua programu, wala kutoa nambari yako ya siri ya M-Pesa, wala kulipa hata shilingi moja, wala kukubali kuletewa arifa ndipo upite. Akikuomba lolote kati ya hayo, funga ukurasa. Aliyekwisha kutii na aikate kompyuta kwenye intaneti papo hapo, na abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine, akianza na ya barua pepe na ya benki.

Neno kwa wenye tovuti

Nao wenye kumiliki milango wana wajibu. Madrasa zetu, shule, zahanati na wafanyabiashara wengi sasa wana tovuti zao. Anayeendesha tovuti ataona katika kumbukumbu za seva kuwa anwani fulani imejaribu nywila mara mia tatu kwa usiku mmoja, naye atataka kuifunga milele. Na akumbuke ile nyumba ya familia nyingi. Ukiufunga mlango wa njiani kwa ajili ya kijana mmoja, umewafungia wajane, wagonjwa na wanafunzi wasiokukosea.

Yako mambo ya insafu yasiyopunguza ulinzi. Hesabu makosa kwa akaunti pamoja na anwani, usihesabu kwa anwani peke yake. Anza kwa swali kabla ya kizuizi. Kizuizi kiwe na mwisho, saa moja au siku moja, kisha kijiondoe. Usifungie nchi nzima kwa sababu ya wachache, maana mwanao aliye Muscat au London naye hulipa karo ya mdogo wake kupitia tovuti hiyo. Wasioona wawekewe jaribio la sauti. Wenye kuingia kwenye akaunti za usimamizi wawekewe uthibitisho wa hatua mbili, ili hata nywila ikiibwa isitoshe kufungua. Na juu ya yote, ukurasa wa kuzuia uandikwe kwa lugha inayofahamika na wateja wako, uwe na nambari ya simu inayopokelewa. Kumzuia mtu bila ya kumwonyesha pa kulalamikia ni kumhukumu bila ya kumsikiliza.

Limebaki la wakati. Matatizo haya huumiza zaidi pale mtu anapoifungua tovuti saa ya mwisho, ambapo maelfu nao wamefungua kwa pamoja na bawabu amekuwa mkali kwa wote. Jambo lenye tarehe ya mwisho lianzwe wiki moja kabla. Likikwama, kuna muda wa kungoja, wa kujaribu laini nyingine na wa kuandika barua. Kwa huduma za serikali, iko pia Huduma Centre, ambako mtu aweza kwenda na kitambulisho chake akahudumiwa na binadamu mwenzake. Huko hutaulizwa kuchagua pikipiki.